Kupatikana na Kufahamika kwa Mashairi ya Kale: Kutoka Mombasa hadi Masieda

Tulikuwa darasani tukisoma Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, nasi tulikuwa tumefika mahali ambapo mshairi ayatazama magofu ya majumba ya Pate na kueleza yalivyokuwa zamani na yalivyo sasa. Mwanafunzi mmoja, kijana wa Masieda katika wilaya ya Mbulu, aliinua mkono akauliza madaka ni kitu gani. Wenzake wawili watatu wakacheka. Nikawageukia hao waliocheka niwaulize, nao hawakujua. Mmoja alidhani neno hilo latokana na kitenzi kudaka, kana kwamba katika nyumba zile palikuwa na watu wa kudaka mipira. Mwingine alisema labda ni mapambo ya wanawake. Basi nikaeleza kwamba madaka ni vile vishubaka vilivyochongwa katika kuta za nyumba za mawe, safu juu ya safu, ambamo matajiri wa Pate na Lamu walipanga sahani na bakuli za kauri zilizoletwa na vyombo kutoka ng'ambo. Mshairi asemapo kwamba mahali hapo pa sahani sasa pamekuwa viota vya makinda ya ndege, ameisimulia anguko la dola nzima kwa tundu moja la ukutani. Ubeti ule ambao dakika tano kabla yake ulikuwa hesabu tupu ya mizani uligeuka kuwa msiba.

Kijana yule hakuridhika. Akasema: "Mwalimu, kwetu kuna slufay. Wazee wakiitoa sisi sote twaitikia, na yamo maneno ambayo sisi vijana twayaitikia bila ya kuyajua. Lakini kwetu yuko mzee wa kumwuliza. Haya ya Pate, aliulizwa nani?"

Nakiri kwamba sikuwa nimepata kuulizwa swali hilo kwa maneno machache kama hayo. Tumezoea kusema kwamba mashairi ya kale "yaligunduliwa", tukitaja majina ya waliochapa vitabu na miaka ya kuchapwa kwake. Lakini anayeitazama historia yenyewe kwa makini ataona kwamba kupatikana kwa karatasi hakujapata kuwa ndiko kupatikana kwa shairi. Shairi hupatikana siku anapopatikana mtu wa kulifafanua, na mara nyingi mtu huyo ndiye tuliyemsahau jina.

Tuanze na karatasi. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipeleka Ulaya miswada ya tenzi za Kiswahili, ikawekwa katika maktaba ya jumuiya ya wataalamu wa elimu ya Mashariki huko Halle, Ujerumani. Hapana shaka alifanya jambo jema, kwa sababu unyevu wa pwani na mchwa havichagui kati ya karatasi bora na duni. Walakini miswada hiyo ilikaa rafuni miongo kadhaa kabla ya kuchapwa. Ilikuwa salama, lakini haikuwa ikisomwa. Katika tenzi zilizofika Ujerumani mmoja mkubwa ni ule wa vita vya Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, alioutunga Mwengo wa Athumani huko Pate na ambao mswada wake una tarehe inayolingana na mwaka 1728. Una beti zaidi ya 1,100. Jan Knappert alitoa uchunguzi wake juu ya utenzi huo mwaka 1958, yaani miaka 230 baada ya tarehe ile.

Kwa nini kazi ya kusoma iwe ngumu kiasi hicho? Sababu moja ni lugha yenyewe, kwa kuwa Kipate na Kiamu cha kale kina maneno ambayo hata wenyeji wa leo hawayatumii. Sababu nyingine ni mwandiko, nayo yataka kuelezwa kidogo, maana wanafunzi wetu wengi wameisikia tu bila ya kuiona. Tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zina irabu tatu tu, na Kiswahili kina tano. Kwa hiyo alama moja husomwa i au e, na nyingine husomwa u au o. Tena, kwa mwandiko wa kale, herufi moja ya ba iliweza kusimama badala ya b, p na mb, wala haikuwa desturi kuandika m au n inayotangulia konsonanti nyingine. Mtu akiandika ba mbili zenye alama ya a, msomaji aweza kusoma baba, au papa, au pamba, au bamba. Mswahili aliyezaliwa Lamu hujua ni lipi kwa kufuata maana ya maneno yaliyo kando yake. Mgeni, akiwa hata na kamusi nzuri, hubaki na njia nne mbele yake. Zidisha hizo kwa maneno yote ya ubeti mmoja, kisha kwa beti 1,100.

Kwa hiyo mwandiko ule haukukusudiwa kuwa shairi kamili juu ya karatasi. Ulikuwa ukumbusho kwa mtu ambaye tayari alilijua shairi, au aliyeketi karibu na anayelijua. Mtu huyo akiondoka, karatasi hubaki na kufuli bila ya ufunguo.

Sasa tumtazame Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy wa Mombasa, ambaye yasemekana alizaliwa karibu na mwaka 1776 na kufariki karibu na 1840. Muyaka hakuacha diwani. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu wa Mombasa, na katika vipande vya karatasi hapa na pale. Mtu aliyeyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah Al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi. Aliyakusanya, akayaandika kwa mkono wake, akaandika na maelezo ya sababu za kutungwa kwake, akampa W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa akijifunza Kiswahili kwa bidii isiyo ya kawaida. Sikujua alifariki mwaka 1890. Taylor alifariki mwaka 1927 bila ya kuitoa diwani hiyo, na karatasi zake zikaingia katika maktaba ya Chuo cha Elimu ya Mashariki na Afrika mjini London. Hatimaye William Hichens aliyatoa kwa jina la Diwani ya Muyaka, yakachapwa Johannesburg mwaka 1940. Tangu kufa kwa mshairi hadi kuchapwa kwa diwani yake ilikuwa imepita karne moja, na tangu kufa kwa yule aliyejua maana zake, miaka 50.

Katika anwani ya kitabu kile limo jina la Muyaka na limo jina la Hichens. La Sikujua halimo. Sisemi hivi kwa kumlaumu mtu aliye kaburini. Ndivyo vitabu vilivyoandikwa wakati ule. Nasema kwa sababu hesabu ya kazi yenyewe hailingani na hesabu ya majina. Tumwondoe Hichens, mtu mwingine angeweza kuzichapa karatasi za Taylor. Tumwondoe Taylor, huenda Sikujua angempa mwingine, au angemwachia mwanafunzi wake. Tukimwondoa Sikujua, hatuna Muyaka. Tuna jina, na labda mashairi machache yaliyogeuka methali.

Tena maelezo yale hayakuwa pambo la pembeni. Muyaka aliishi zama za ugomvi. Mazrui wa Mombasa walikuwa wakishindana na Seyyid Said wa Maskati na Unguja. Mombasa na Pate zilipigana na Lamu katika vita vya Shela karibu na mwaka 1812. Na utawala wa Mazrui ulikatika mwaka 1837, mshairi akiwa bado hai. Mashairi mengi ya Muyaka ni silaha katika ugomvi huo. Alijibizana na washairi wa Lamu, na mmoja wao ni Bwana Zahidi Mgumi, mtu mkubwa katika siasa za mji wake. Mambo hayo yalisemwa kwa mafumbo, kama ilivyo ada, na fumbo lina tabia yake: siku ya kwanza kila mtu mjini alijua nani amepigwa, na baada ya miaka 60 hakuna ajuaye ila aliyerithi habari. Msomaji asiye na habari hiyo huona chombo, bahari, samaki, paa, na hufikiri anasoma juu ya vitu hivyo. M. H. Abdulaziz, alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979, alifanya kazi iliyopaswa kufanywa: aliyarudisha mashairi katika mitaa ya Mombasa, akayapanga pamoja na habari za watu na za vita. Mimi nilipokisoma kitabu hicho kwa mara ya kwanza, nilitambua kwamba nilikuwa nimefundisha mashairi mawili ya Muyaka kwa muda wa miaka mitatu bila ya kujua yanamhusu nani. Wanafunzi wangu wa miaka hiyo wanisamehe.

Huko Lamu mtu wa namna ya Sikujua alikuwa Muhamadi Kijumwa, aliyezaliwa karibu na mwaka 1855 na kufariki 1945. Kijumwa alikuwa mwandishi wa hati nzuri mno, mchonga milango, mpiga kinanda, mtunzi na mwalimu wa ngoma. Alice Werner alipata miswada kutoka kwake, vivyo hivyo Hichens na Mjerumani Ernst Dammann, ambaye kitabu chake cha tungo za Kiamu kilitoka Hamburg mwaka 1940. Kijumwa alinakili tenzi na kuandika barua za kueleza maneno magumu. Alikuwa akilipwa, nako si aibu, fundi hulipwa. Lakini jambo hilo latupasa tujue kwamba sehemu kubwa ya ushairi wa Lamu tuusomao leo ulipita katika mkono wa mtu mmoja, na mkono huo ulikuwa na ladha yake. Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walipotoa kitabu juu yake mwaka 2010, kwa mara ya kwanza wasomaji wengi walimwona Kijumwa kuwa mtu, wala si kalamu ya wageni tu.

Sitakaa sana juu ya utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Wajulikana mno, na umeandikwa mengi. Ila nakumbusha kwamba mama yule aliutunga akiwa mgonjwa, kwa msikilizaji mmoja aliyekuwa karibu naye, na kwamba wanawake wa pwani waliusoma kwa sauti na kuusikiliza kabla ya Werner na Hichens kuuchapa mwaka 1934.

Baadaye kazi hii ilipata vyombo vyake. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki ilishughulika kwanza na usanifishaji, lakini jarida lake lilifungua kurasa kwa tenzi. Ulipofika mwaka 1960 utenzi wa Hemedi bin Abdallah juu ya vita vya Wadachi ulitolewa katika mfululizo wa Johari za Kiswahili. J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilitoka mwaka 1970. Yafaa tuone kwamba orodha ile haikutaja miswada tu. Ilitaja na kanda za sauti. Allen alikuwa amefahamu kwamba utenzi ambao haujasikika kwa sauti ya mwenyewe umepatikana nusu. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake Tendi.

Hapo ndipo penye kasoro ya shule zetu. Mashairi yamekusanywa, yamechapwa, yamewekwa katika vitabu vya kiada, lakini ufafanuzi haukusafiri pamoja nayo hadi bara. Mwanafunzi wa Mbulu hufundishwa kwamba shairi lina vina vya kati na vya mwisho, mizani nane kwa nane, na kwamba utenzi una vipande vinne vya mizani nane. Amri Abedi aliyaeleza mambo hayo vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1954 cha sheria za kutunga, na mimi si katika wale wanaozidharau sheria hizo. Lakini mwanafunzi ajuaye kuhesabu mizani ya Muyaka, na hajui Zahidi Mgumi alikuwa nani, amepewa kipimo bila ya nguo.

Wala isidhaniwe kwamba ubara wenyewe ni kizuizi. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 mbali kabisa na bahari, alikuwa mmoja wa washairi wakuu wa Kiswahili wa karne ile, na alikuwa kiongozi katika chama cha UKUTA kilichoundwa mwaka 1959. Mtu huyo huyo aliandika pia historia, mila na desturi za Wagogo, ikatoka mwaka 1954. Hakuona kwamba kuutumikia ushairi wa pwani kwamwondolea haja ya kuyaandika maneno ya wazee wa kwao. Wanafunzi wetu wa bara wangefaa kumjua kwa sifa zote mbili.

Sasa turudi Masieda, alikotoka yule aliyeuliza. Wairaqw, ambao watu wa pwani walizoea kuwaita Wambulu, walikuwa zamani wamejikusanya katika milima ya Irqwar Da'aw, upande wa Kainam, iitwayo na wengine Mama Isara. Kutoka huko walienea kaskazini hadi Karatu, na kusini na magharibi kuelekea pande za Dongobesh, Haydom na Masieda, hasa katika karne ya 20. Huko waliwakuta Wadatooga na ng'ombe zao, na bonde la Yaeda lilikuwa na Wahadzabe. Lugha yao si ya Kibantu wala si ya Kiniloti. Ni ya Kikushi, na jamaa zake wakubwa wako Ethiopia na Somalia.

Slufay ni utungo wa wazee. Hutolewa watu wanapokutana, baada ya shauri la nchi au kwenye pombe ya ujirani. Mzee mmoja husema, na kusanyiko huitikia kila anapokata pumzi, sauti nyingi kama moja. Katika utungo huo huisifu nchi, huomba mvua, nyasi, ndama na watoto, humwita Lo'a ambaye ni Mungu wa rehema na aliye kama jua, na huyafukuza maradhi na uadui yavuke mpaka wa nchi yaende zake. Neno moja husemwa, kisha mwenziwe wa maana hiyo hiyo humfuata. Katika kutafuta wenzi hao wazee hutumia maneno ya kale, na miongoni mwake yamo yaliyotoka Kidatooga. Msomaji wa tenzi atatabasamu hapa, maana Mwengo na Sayyid Abdalla walifanya vivyo hivyo kwa Kiarabu: neno la kwetu likisimama, neno la ng'ambo huja kulisindikiza.

Je, slufay ni shairi? Nimesikia mwenzangu mmoja akisema kwamba si shairi, kwa kuwa haina vina wala mizani, na tena haina mswada. Juu ya vina na mizani namjibu kwamba kila lugha ina kipimo chake. Kiiraqw ni lugha ya toni, na marudio ya maana pamoja na mwitikio wa watu ndiyo yanayoshika mwendo. Juu ya mswada jibu langu ni Muyaka. Mwaka 1850 Muyaka naye hakuwa na diwani.

Tena si kweli kwamba hapana kilichoandikwa. Paul Berger, Mjerumani, alikusanya matini za Kiiraqw katika miaka ya 1930. Zilitoka kuwa kitabu mwaka 1998, zikitolewa pamoja na Roland Kiessling. Robert Thornton aliandika juu ya slufay katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya Wairaqw. Maarten Mous alitoa sarufi mwaka 1993, na mwaka 2002 kamusi ikatoka kwa kazi ya Mous, Kiessling na Martha Qorro, mtaalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu aliyesikia habari ya karatasi za Taylor hataacha kuona jambo katika tarehe za Berger. Miaka 60 ilipita baina ya kuandikwa na kuchapwa. Wazee waliosema maneno yale walikuwa wamekwisha kuondoka, na hapakuwa na wa kuulizwa tena lile neno gumu la mstari wa nne.

Kuna na jambo la herufi. Kijana wa Masieda amefundishwa kuandika kwa Kiswahili, wala hakufundishwa shuleni kuandika Kiiraqw. Akitaka kuandika slufay ya babu yake, atatumia herufi alizo nazo. Lakini Kiiraqw kina sauti ambazo Kiswahili hakina. Iko k ya nyuma kabisa ya ulimi, iandikwayo q. Iko h ya kooni, iandikwayo hh. Ziko sauti mbili zitokazo ubavuni mwa ulimi, ziandikwazo sl na tl. Na iko ile ambayo Waarabu huiita ain, ambayo wataalamu huiandika kwa mkwaju. Juu ya hayo yote iko toni. Kijana huyo asipoangalia, ataandika k mahali pa q na h mahali pa hh, naye mwenyewe atasoma bila ya shida, kwa sababu ajua alichokusudia. Mjukuu wake atakuwa na njia mbili au tatu mbele ya kila neno. Herufi za Kiswahili zitakuwa zimekifanyia Kiiraqw jambo lile lile ambalo herufi za Kiarabu zilikifanyia Kiswahili cha Pate. Hili sikulijua mpaka mwanafunzi aliponionyesha daftari lake. Nilikuwa nikifikiri kwamba mwandiko wetu wa leo hauna upofu wa namna hiyo.

Tofauti iko moja, nayo ni kubwa. Kwa Pate tuna karatasi na hatuna wa kumwuliza. Kwa Masieda twaweza kupata wa kumwuliza, na karatasi ni chache. Kati ya hali mbili hizi, ya pili ndiyo ambayo Sikujua aliikuta Mombasa. Yeye hakungoja. Aliandika shairi, na chini yake akaandika nani aliambiwa, kwa nini, na neno gani lina maana gani. Wengi wanaokwenda vijijini sasa na vinasa sauti hufanya nusu ya kazi hiyo. Huinasa slufay nzima kwa usafi, husema ahsante, huondoka, na huiweka katika hifadhi pamoja na jina la kijiji na tarehe. Hiyo ni Halle tena, ila bila ya mchwa.

Nilimwambia kijana yule hayo yote kabla ya likizo, kwa maneno machache kuliko niliyoandika hapa. Alikwenda kwao na simu yake na daftari la kurasa 80. Alimwomba mzee mmoja, ndugu wa babu yake, amtolee slufay, na mzee alikataa kuitoa akiwa peke yake, akasema haisemwi kwa mtu mmoja kama barua. Lazima wawepo wa kuitikia. Ikabidi kijana angoje hadi watu walipokutana. Akainasa hapo. Kesho yake alirudi kwa mzee na sauti ile, wakaisikiliza kipande kwa kipande, na mzee alieleza. Kuieleza kulichukua siku tatu, kwa sababu neno moja la nyasi lilileta habari ya malisho waliyoyaacha, na jina moja la kijito lilileta ugomvi wa koo mbili na jinsi ulivyopatanishwa.

Aliporudi chuoni tulilifungua daftari pamoja. Slufay yenyewe ilikuwa kurasa tatu. Maelezo yalikuwa kurasa 14. Mahali pawili alikuwa ameacha nafasi tupu, ameandika neno tu kwa penseli, na katika moja alikuwa ameifuta k akaandika q, kisha akaifuta q. Nikamwuliza kwa nini hakumaliza. Akasema mzee aliyasema maneno hayo kama alivyoyapokea, lakini maana zake hakuwa nazo. Alimtajia mtu wa kijiji cha pili ambaye ndiye aliyezijua, na alipofika huko aliambiwa kwamba mtu huyo alizikwa mwezi wa nne.